Miezi 10 hajakaa: fizio sio kukanda tu

Mama mwenzangu, umesema kijana wako ana miezi 10 hajakaa bado, ukimsimamisha anasimamia vidole, mama mkwe anasema watoto wa kiume huwa wazito mwache, jirani nae anakwambia mchimbie shimo la mchanga umsimamishe humo, na umeuliza kama fizio, yaani tiba ya viungo, ni kule kukandwa tu. Ngoja nikujibu maana mi nimepita humo humo, binti yangu sasa hivi ana miaka 7.

Wangu alichelewa kulia alipozaliwa, akawekewa oksijeni, tukaruhusiwa baada ya siku 9. Miezi minne shingo haijakaza, kliniki wanampima kilo wananiambia anaongezeka vizuri huyo, na mi nikajipa moyo. Miezi 8 ndo nesi mmoja akamshika mikono akamvuta kumwinua, kichwa kikabaki nyuma, akaniandikia fizio hapo hapo. Ile miezi minne ya katikati inaniuma mpaka leo.

Siku ya kwanza nilitegemea mashine au sindano ya kukaza mifupa. Kumbe jamaa wa fizio kamlaza mtoto kwenye mkeka, anamchezea na njuga huku anamwangalia, halafu mi ndo naulizwa maswali, unambebaje, unamwogeshaje, wakati wa kula unamshikaje. Nikasema moyoni yaani nimepanda daladala mbili kuja kuulizwa navyobeba mtoto? Ila kazi yenyewe ilikuwa hapo. Alinieleza kwamba mtoto hukaza kuanzia juu kushuka chini, kichwa, mgongo, kiuno, ndo miguu ifuate, na ubongo wake unajifunza kwa kurudia rudia, sasa nusu saa ya hospitali kwa wiki itafanya nini kama siku sita zilizobaki analala chali tu. Wangu ni mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema hauongozi misuli vizuri, misuli mingine inakakamaa muda wote, ikiachwa hivyo inafupika, ndo unakuta kisigino hakigusi chini na miguu inapishana kama mkasi. Kukanda kunamlegeza kidogo analala vizuri, lakini hakumfundishi kitu, mpaka yeye mwenyewe afanye.

Kwa hiyo nyumbani kwangu mazoezi yakawa ndo maisha. Namlaza kifudifudi, kanga nimeikunja chini ya kifua, sufuria linalong'aa mbele yake ili ainue kichwa, mwanzoni sekunde chache tu analia namgeuza. Kukaa, nampakata katikati ya mapaja yangu, kwanza namshika mbavuni, akizoea nashusha mikono kiunoni, nikishusha ujue kapanda daraja. Kumbeba ni ubavuni miguu imetanuka, sio kumkumbatia miguu imebana. Baadae kindoo kimegeuzwa ndo stuli yake, anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, namuwekea maharage juu ya kochi ayahamishe. Baba yake alikuwa ananicheka, baadae yeye ndo mkali kuliko mimi.

Shimo la mchanga nilifanya, nisikudanganye. Siku tatu, anasimama kweli maana hana pa kuangukia, nikimtoa yuko vile vile. Fizio hakunigombeza, akaniuliza tu, mule shimoni aliyekuwa anafanya kazi ni nani, mtoto au mchanga? Na vile vigari vya kujifunzia kutembea usihangaike kununua, mtoto anasukuma na vidole tu, wako tayari anasimamia vidole utamuongezea, na Kanada walishapiga marufuku kuviuza toka 2004 kwa sababu ya ajali.

Matokeo yalichelewa sana jaman. Miezi mitatu ya kwanza sikuona kitu. Alikaa mwenyewe ana mwaka na miezi miwili, dede ana miaka miwili na kitu, kutembea na fremu miaka mitatu na nusu, sasa anatembea na splinti miguuni, vile vifaa vya kushikilia mguu ukae sawa, anadondoka, anainuka. Kuna mwenzake tulianza nae siku moja, mama yake mchapakazi kunizidi, hatembei mpaka leo ila anakaa na anakula kwa mkono wake. Ukiona mtu anakuahidi atatembea baada ya wiki kadhaa mkimbie.

Wako simwiti mtindio, sijamuona, ila vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha karibu watoto wote wenye afya wanakuwa wamekaa wenyewe wakifika miezi 9 na kidogo, na kutembea kabla ya mwaka na nusu. Kama alizaliwa njiti hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Kama ni wa miezi yake kamili usisubiri mwaka uishe, na akiwa na degedege anza na daktari.

Siku ya kwenda mpeleke ameshiba na ameshapata usingizi wake, beba na kitu anachopenda kuchezea, wangu siku ya kwanza alilia nusu saa nzima hakushikika tukaambiwa turudi Alhamisi.