Hiti pampu imekufa, waranti ya nyumba inakupa taslimu: kabla hujasaini

Mkuu, pole na baridi. Kwa waliochelewa: jamaa yuko Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, hiti pampu aliyoikuta kwenye nyumba ina miaka 17, kompresa (pampu inayosukuma gesi) imekufa, na kampuni ya waranti ya nyumba, ile unayoilipa itengeneze vifaa vya nyumba vikifa, imempa njia mbili. Ama wafunge mashine yao naye aongeze dola 2,800, ama apewe taslimu 1,700 atafute fundi wake mwenyewe. Anauliza achukue lipi. Mimi niko Raleigh, jimbo hilohilo, na yalinikuta hayohayo Januari 2024.

Yangu ilikufa kimyakimya. Ndani joto lipo, hewa inatoka, watoto wanalala vizuri. Kumbe thamostati ilikuwa imeandika AUX, yaani joto la akiba, karibu wiki tatu na hakuna aliyeitupia jicho. Kwetu Tanga kiyoyozi ni cha kupoza tu, kwa hiyo nieleze kidogo kwa wageni: hiti pampu ni kiyoyozi kinachojua kugeuka. Kiangazi kinachota joto la ndani na kulimwaga nje. Baridi ikija, valvu inageuza mzunguko wa gesi na joto linachotwa nje kuletwa ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti mbili au tatu. Ikishindwa, zinawaka koili za umeme za akiba, na hizo ni jiko la umeme tu, uniti moja kwa uniti moja. Zangu ni za kilowati 10. Bili iliyozoea dola 170 ikaja 440. Mama watoto akaniuliza kama nimeanza kuchimba bitikoini gereji.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kimya, ule mngurumo wa kompresa haupo. Nikafungua madai, nikalipa ada ya kuitiwa fundi, dola 100. Fundi wao akakaa kama robo saa, akapiga picha mbili, akaondoka. Kesho yake barua pepe: madai yamekataliwa, fundi ameandika "koili chafu, mashine haikutunzwa".

Hapa ndipo nilipouelewa mchezo. Kampuni ya waranti haiioni mashine yako, inasoma sentensi ya fundi. Waranti ya nyumba si bima. Ni mkataba wa huduma, na mkataba wangu ulilipia uchakavu wa kawaida lakini haukulipia kukosa matunzo. Maneno manne ya fundi ndiyo yanayoamua utalipwa maelfu au utaambulia pole. Siku hizi fundi yeyote akija kwangu kwa madai, simwachi apande gari kabla sijamuuliza, kwa heshima, "Ndugu, ripoti yako itasema nini?"

Nikakata rufaa. Nilikuwa na risiti za usafishaji wa kila mwaka na za machujio, asante kwa tabia ya marehemu baba ya kutotupa karatasi. Nikaita fundi wangu, dola 120. Huyu alizima umeme, akachomoa nyaya tatu za kompresa, akakwangua rangi kidogo kwenye bomba la shaba, akaweka ncha moja ya mita kwenye terminali na nyingine pale alipokwangua. Mita ikalia. Akanionyesha: waya wa ndani umegusa bodi ya chuma ya kompresa, kompresa imejichoma yenyewe kwa uzee. Akaandika hivyohivyo, na picha ya mita juu. Baada ya siku tisa wakakubali. Wangegoma, ningepeleka malalamiko kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, inayopokea kesi za walaji, na niliwaambia hivyo kwa maandishi.

Sasa "kukubali" si bure, kama ulivyoona. Mkataba wangu haukugusa kibali cha ujenzi, kurekebisha mabomba, kubeba mashine ya zamani, wala kunyonya gesi iliyobaki. Gesi hiyo sheria ya shirikisho inakataza kuiachia hewani, kwa hiyo lazima mtu alipwe. Hiyo 2,800 yako huenda ni mkusanyiko wa vitu kama hivyo. Dai mchanganuo, mstari kwa mstari. Na ile 1,700 usiifananishe na bei unayotajiwa na mafundi: wanakokotoa kwa gharama ambayo wao wangelipa, bei ya jumla na si ya rejareja.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kwenye swali lako ni gesi. Nenda usome kibati kwenye mashine ya nje. Mashine ya umri huo inaweza kuwa ya R-22, ambayo tangu 1 Januari 2020 haitengenezwi wala kuingizwa Marekani. Inayozunguka ni ya akiba na iliyosafishwa upya. Ikiwa ni R-410A, mifumo mipya kamili ya nyumbani ya gesi hiyo ilianza kuondolewa sokoni tangu 1 Januari 2025. Mpya zinatumia R-454B au R-32, zinazoweza kushika moto kidogo, ndiyo maana zina masharti yake ya usalama. Maana yake huwezi kufunga nje mashine mpya ya gesi hizo ukaiacha koili ya zamani ndani. Sasa waulize: 2,800 ni ya nje tu, au nje na ndani? Waombe namba ya AHRI, shirika la viwanda vya viyoyozi linalothibitisha vipimo, inayoonyesha kwamba jozi hiyo imepimwa pamoja. Wakizungukazunguka kwenye jibu, umeshajua.

Mimi nilichukua taslimu. Walianza na 1,600. Nikawatumia makadirio matatu ya mafundi, wakapanda hadi 2,150. Mashine kamili, ndani na nje, ilikuwa 9,200. Nikapata na nafuu ya kodi ya shirikisho ya 2,000, mfukoni ikatoka 5,050. Lakini usinakili hesabu yangu, maana nafuu hiyo iliisha kwa mashine zilizofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Kwa hali yako, kama 2,800 inabeba nje, ndani na kibali, ningechukua ya kwao hata kama jina la mashine hulipendi. Kama ni ya nje tu, chukua pesa, ila bishana kwanza.

Yeyote atakayefunga, asikuwekee tani (kipimo cha uwezo wa mashine) kubwa zaidi "ili iwe na nguvu". Apime nyumba. Kubwa mno inawaka na kuzima kila mara, na kiangazi unyevu unabaki ndani.

Halafu ukifungiwa mpya, isajili kiwandani siku hiyohiyo. Viwanda vingi vinatoa miaka 10 kwa vipuri ukisajili ndani ya siku 60 au 90, vinginevyo inashuka hadi 5. Fundi wangu hakunikumbusha. Niliikuta karatasi yangu ya usajili siku ya 52, chini ya kava la mashine, imelowa.