Namba za NIDA kwenye Excel: hesabu tarakimu kati ya dashi kabla hujatuma faili

Kama kazini kwako wewe ndo unayekusanya namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa cha Tanzania) za watu, hasa zile zinazokuja kwa WhatsApp, usikague kwa macho, macho yanachoka ukifika mstari wa hamsini na zote zinaanza kufanana. Mi siku hizi naacha Excel ihesabu tarakimu zilizoko kabla na baada ya kila dashi. Namba ina tarakimu 20 kwa mpangilio wa 8-5-5-2, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka.

Tuchukue hii, 19900231-11101-00004-27 (Februari haina tarehe 31, so hapo sijamuanika mtu). Ikiwa kwenye A2, kabla ya dashi ya kwanza unaandika =FIND("-";A2)-1 unapata 8. Hiyo -1 ndo wengi wanaisahau, FIND inakupa nafasi ya dashi yenyewe, yaani 9. Baada yake ni =LEN(A2)-FIND("-";A2), LEN inahesabu herufi zote kwenye seli, inatoka 14, na hapo dashi mbili zilizobaki zimehesabiwa pia. Komputa nyingine zinataka koma badala ya hiyo nuktamkato, inategemea setingi.

Kipande cha mwisho ndo kinasumbua maana FIND inaishia kwenye dashi ya kwanza. Ujanja ni kubadilisha dashi ya tatu tu iwe alama nyingine halafu unaitafuta hiyo: =LEN(A2)-FIND("#";SUBSTITUTE(A2;"-";"#";3)). Jibu 2. Mwenye Excel mpya aandike tu =LEN(TEXTAFTER(A2;"-";-1)) akanywe chai.

Sasa ukiona 3 pale ulipotegemea 2, usikimbilie kumpigia mtu simu, mara nyingi ni spesi imejificha mwishoni baada ya kupesti. TRIM inaitoa, ila kuna spesi ya kwenye kurasa za intaneti TRIM haiigusi kabisa, hiyo itoe kwa SUBSTITUTE(A2;CHAR(160);""). Na ikija #VALUE! wakati dashi unaiona kwa macho, basi ni ile dashi ndefu, simu nyingine zinaibadilisha zenyewe, kwa Excel hiyo ni herufi nyingine kabisa.

Watu wa Google Sheets, SPLIT (ya kukata namba kwenye dashi) sishauri hapa, inageuza 00004 kuwa 4 halafu unaambiwa kipande kina tarakimu moja. Na kwenye Excel mtu akiandika zote 20 bila dashi, zinazozidi 15 zinageuka sifuri na hazirudi ng'o, kwa hiyo ifanye kolamu iwe Text kabla hujaingiza chochote.

Hesabu ikikubali bado mtu anaweza kuwa amepindua tarakimu mbili, kwa hiyo mi huwa naweka LEFT(A2;8), yaani zile nane za mwanzo, pembeni ya kolamu ya tarehe ya kuzaliwa, zisipolingana hapo ndo nampigia mwenyewe.