Mtoto asimulie aliyoyaona vitani mbele ya wenzake?

SWALI

Sisi ni vijana na akina mama saba tulioanzisha kikundi cha kujitolea hapa makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa. Wengi wetu tulitoka Ituri na Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Kila Jumamosi tunakusanya watoto kama 40, wa miaka 6 hadi 14, chini ya turubai la kanisa. Tunaimba, tunacheza, halafu tunawapa karatasi wachore walichokiona wakati wa vita. Anayemaliza anasimama mbele, anaeleza mchoro wake, wenzake wanampigia makofi ili moyo wake uwe mwepesi. Michoro tumeibandika ukutani. Mwezi uliopita wazazi watatu walikuja kulalamika kwamba watoto wao wameanza tena kukojoa kitandani na kupiga kelele usingizini. Mmoja, mvulana wa miaka 10, hataki kuja tena. Pia kuna mfadhili anayetuomba tumtumie visa vya watoto pamoja na picha zao. Je, tunawaumiza? Na tutamtambuaje mtoto ambaye sisi hatumuwezi, anayehitaji daktari?

Mwalimu wa kujitolea, Kyaka II

JIBU

Mwalimu, nianze na lile unalolisubiri. Ndiyo, zoezi la kusimama mbele na kusimulia linawaumiza. Liacheni Jumamosi hii hii. Nasema hivyo bila kuwalaumu, maana karibu kila kikundi nilichokitembelea huku magharibi mwa Uganda kimepita njia hiyo: mtu anaona kwamba lililo moyoni likitoka, moyo utapumzika. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ushauri nasaha, niliwakalisha wasichana sita kwenye duara nikawaomba wasimulie. Wa nne alipofika kwenye mto waliouvuka usiku, yule wa pili akaanza kutetemeka magoti. Nilifunga kikao kwa sala nikawaruhusu waende. Kesho yake mama mmoja alinikuta njiani akaniuliza, "Umemfanya nini mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Kumbukumbu ya hofu kubwa haikai kichwani kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inakaa vipande vipande: harufu ya moshi, mlio wa pikipiki usiku, jasho la mgongo wa mama aliyembeba. Kipande kimoja kikiguswa, mwili unaamini kwamba jambo lile linatokea sasa hivi. Moyo unadunda, tumbo linakaza, macho yanatafuta mlango. Mtoto aliyesimulia kwa dakika tano kisha akapigiwa makofi ameingizwa ndani ya usiku ule na hakuna aliyemtoa. Analala nao. Hao watatu waliorudia kukojoa wanawaambia hivyo kwa njia pekee waliyo nayo. Shirika la Afya Duniani nalo limeshauri kwamba watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha wasifanyiwe kikao kimoja cha kuwasimulisha kwa nia ya kuwakinga na kiwewe, kwa sababu hakiwakingi na kinaweza kuwazidishia.

Tena kuna waliokaa kusikiliza. Mtoto wa miaka 6 aliyebebwa mgongoni akiwa amelala hakuwa na picha za vita kichwani, lakini sasa anazo, amezipata kwenu. Na jambo ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi: watoto wa makabila yaliyopigana kule Ituri wamekaa mkeka mmoja. Mmoja akisema mbele ya 40 kwamba waliokuja kuchoma nyumba yao ni watu wa kabila fulani, neno hilo litafika kwenye bomba la maji kabla jua halijazama, na Jumatatu mtoto mwingine atalipia shuleni.

Usije ukaelewa kwamba kusimulia kwenyewe ni sumu. Pale Nakivale, wilaya ya Isingiro, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kiwewe kwa njia ya kusimulia, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliowatibu walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Lakini angalia inavyofanywa. Mgonjwa mmoja na msaidizi mmoja, faragha, kwa vikao kadhaa. Kwa watoto hutumika kamba inayolazwa chini kuwa njia ya maisha yake, tangu kuzaliwa hadi leo. Anaweka ua mahali pa furaha na jiwe mahali pa uchungu. Halafu wanaitembea kamba hiyo pole pole, na wakifika kwenye jiwe kubwa hawaondoki mpaka hofu imepanda, imefika juu, na imeshuka mbele ya msaidizi. Kikao hakifungwi mtoto akiwa bado anatetemeka. Kidonda kinachooshwa na aliyefunzwa kinauma lakini kinapona. Kinachotoneshwa kila Jumamosi hakifungi. Kazi ya kuosha iachieni waliofunzwa na wanaosimamiwa.

Yenu ni nyingine, na wala si ndogo. Mtoto aliyekimbia amepoteza uhakika wa kesho. Mpeni Jumamosi anayoweza kuitabiri: saa ile ile, wimbo ule ule wa kufungua, watu wale wale, na mwisho unaojulikana. Watoto 40 pamoja ni wengi mno. Gawanyeni wa miaka 6 hadi 9 upande mmoja, wa 10 hadi 14 upande mwingine, kila kundi na watu wazima watatu, na asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Yule wa saba abaki huru kwa ajili ya mtoto anayetoka nje akilia, amfuate, akae naye bila kumhoji. Wafundisheni kupumua: wajifanye wameshika kikombe cha chai ya moto, wavute harufu yake kwa pua taratibu, kisha waipulize kwa muda mrefu ipoe. Nimeona watoto wakiifanya wenyewe mvua ya radi inapoanza. Kuchora kuendelee, ila wachore wanachotaka. Akichora bunduki, msishtuke na msimchimbe. Mwambie tu, "Naona umechora kwa nguvu," ukae karibu. Akitaka kuongea, mpelekeni pembeni mtu mmoja amsikilize.

Hapa nikuonye, kwa sababu nimeona vikundi vikiahidi makubwa. Mchezo unampa mtoto furaha na marafiki, lakini peke yake hautibu huzuni iliyokwisha kuota mizizi. Kaskazini mwa Uganda, wakati watu wa Acholi bado wako kambini, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa: wengine walipewa michezo na sanaa, wengine mazungumzo ya tiba kwenye vikundi, wengine walisubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Mazungumzo hayo yaliwasaidia wasichana waliokuwa na huzuni kali. Michezo haikuwapunguzia huzuni kuliko waliosubiri. Na hayo mazungumzo hayakuwa ya kuchimbua vita. Yalihusu maisha ya sasa: msiba, ugomvi nyumbani, upweke, mabadiliko yaliyowakuta.

Kama mna nguvu ya kuongeza jambo moja tu, liwe la wazazi na walezi. Nitakueleza mtoto mmoja. Alikuwa na miaka 9, alilala na gambuti miguuni kila usiku kwa sababu walikimbia usiku bila viatu. Mama yake alimvua kwa nguvu na kumgombeza, yeye akaamka kuzivaa tena. Tulikaa na mama, si na mtoto. Tukakubaliana gambuti zikae kwanza juu ya mkeka, mkono wake uzifikie. Wiki iliyofuata zikahamia pembeni ya mkeka, baadaye upande wa miguu, kisha katikati ya nyumba, mwisho mlangoni. Kila jioni mama alimwonyesha: "Zipo pale, na mimi nipo hapa." Ilichukua wiki tano. Hakuna aliyemuuliza mtoto yule habari za usiku ule, na sijui mpaka leo kilichotokea.

Mama huyo aliweza kwa sababu naye alikuwa ameanza kulala. Mlezi asiyelala hupiga haraka, hana subira ya gambuti. Kwa hiyo wakati watoto wanacheza, wakalisheni walezi upande wa pili. Kule Rhino Camp, makazi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020: wale walioingia vikundi vya watu kama 20 au 30 walikutana mara 5 kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa ya kukabiliana na mawazo mazito, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kuliko wale wasioingia. Ulizeni shirika linaloshughulikia afya ya akili hapo Kyaka kama mafunzo ya namna hiyo yanatolewa. Mkikosa, anzeni na kikao cha kawaida cha kusikilizana. Na msiite kila kitu kiwewe. Tangu mwaka 2023 kaya za wakimbizi zilipopangwa kwa makundi na mgao wa chakula wa wengine kupungua au kukoma, nimekutana na watoto wakali, wasiosikia, wanaosinzia darasani, ambao tatizo lao la kwanza ni njaa.

Sasa kumtambua anayehitaji zaidi. Majuma ya kwanza baada ya kufika au baada ya tukio, ndoto mbaya, kung'ang'ania mama na kuogopa giza ni mwili unaojirekebisha, na watoto wengi hutulia wakipata usalama, ratiba na mtu wao. Ikipita zaidi ya mwezi na bado hali inamzuia kucheza, kusoma au kula, mpelekeni kituo cha afya. Waombeni wamwone mhudumu wa afya ya akili, na akishindwa wampe rufaa ya hospitali ya kanda kama ile ya Fort Portal. Kwa anayekojoa, waombeni wapime kwanza maambukizi ya njia ya mkojo. Chini ya miaka mitano kukojoa usiku ni kawaida. Na godoro lianikwe nyuma ya nyumba, si njiani.

Wengine hawasubiri mwezi, wapelekwe siku hiyo hiyo: anayesema anataka kufa au anayejikata, aliyeacha kula au kusema kabisa, anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii. Anayeanguka na kukakamaa pia, hata kama mtaa mzima unasema ni mapepo. Inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Mtoto aliyenajisiwa afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo, na isipite saa 72, maana dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi zina muda wake. Asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, na nyinyi msimhoji: sikilizeni anachosema mwenyewe, mwambieni hana kosa, mwende. Namba 116 ni ya bure Uganda nzima kwa kuripoti anayetendewa ukatili.

Kuhusu mfadhili, sitazunguka. Visa na picha za watoto msimpe. Mtoto hawezi kumkatalia mtu anayempa biskuti kila Jumamosi, kwa hiyo "ndiyo" yake si ruhusa, na picha ikishatoka hairudi. Hata mzazi akiweka sahihi, anayeitafuta familia hiyo anaweza kuiona. Mwandikieni hivi: "Hatutoi visa wala sura za watoto tunaowahudumia. Tunaweza kukutumia taarifa ya kazi." Halafu iandaeni hiyo taarifa kweli. Muulizeni kila mlezi maswali machache leo, na yale yale baada ya miezi mitatu: usiku ngapi wiki hii mtoto alilala bila kuamka kwa hofu? Siku ngapi alikwenda shule? Ana rafiki anayemtaja kwa jina? Umempiga mara ngapi? Hesabu hizo zitamweleza mfadhili makini mengi kuliko uso wa mtoto anayelia. Wapo wafadhili wanaoelewa wakielezwa.

Imebaki michoro. Iondoeni ukutani kabla ya Jumamosi, ila msiichome, ni mali yao. Wekeni kila mmoja kwenye bahasha yenye jina, ndani ya sanduku lenye kufuli, na mwiteni mtoto mmoja mmoja mumuulize anataka uende wapi: abaki nao, mumtunzie, au auchane mwenyewe.

Na yule mvulana wa miaka 10. Nendeni kwao wiki hii, wawili tu, mmoja awe yule anayempenda. Msalimieni mama yake kwanza, mwombeni radhi mbele ya mtoto kwa lile zoezi, kwa maneno ya wazi: "Tulimsimamisha mbele, hatukupaswa." Mwambieni mvulana kwamba michoro imeshuka, wa kwake upo kwenye bahasha, na hakuna atakayesimamishwa tena. Msimuulize atarudi lini. Kama ana mpira wa makaratasi uani, chezeni naye kidogo kabla hamjaondoka.