Maswali ya Wasomaji: Pistoni Haina Alama, Ninunue Ringi Zipi?

SWALI: Nimefungua injini ya Hiace ya dizeli iliyokuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Muuza spea anataka kujua ni 2L, 3L au 5L (aina za injini za Toyota), tena standadi (saizi ya kiwandani) au ovasaizi (kubwa kuliko hiyo). Pistoni zimejaa masizi, sioni alama. Nikimpelekea ringi ya zamani kama sampuli, inatosha? — Fundi wa gereji, Morogoro

JIBU: Haitoshi. Ringi ikitoka kwenye silinda hutanuka, na ikishalika huwezi kukisia kwa macho ilikuwa saizi gani. Soma kwanza namba iliyogongwa kwenye bloku. Usitegemee kadi ya gari, kwani Hiace nyingi zimeshabadilishwa injini. Kisha hakikisha kwa kipimo: 2L ina silinda yenye kipenyo cha milimita 92, 3L ni 96, na 5L ni 99.5. Tofauti hizo ni kubwa, hata vernia ya kawaida inazionyesha.

Sasa pistoni. Loweka masizi ya juu kwa dizeli, uyasugue kwa kitambaa au mti laini. Bisibisi huikwaruza aluminiamu na kufuta alama unayoitafuta. Utaona STD, 0.50 au namba nyingine ya ovasaizi, pamoja na alama ya upande wa mbele. Usipoona kitu, pima kwa maikromita kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), upande ulio nyuzi 90 kutoka kwenye pini. Hapo ndipo wengi hukosea: pistoni si duara kamili, na kichwa chake ni chembamba kuliko sketi, kwa hiyo ukipima juu utapata namba ya kukupoteza. Pistoni ya 3L ikisoma 95.9 na kitu, ni standadi, ikisoma 96.4 na kitu, ni ovasaizi ya 0.50.

Lakini ringi hufuata silinda. Ipime kwa geji ya silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili kila mahali. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo panapolika zaidi. Tofauti ya juu na chini ikifika 0.20 mm, usimshauri mteja anunue ringi tupu. Peleka bloku ikachongwe, na pistoni ziwe mkononi mwa mchongaji kabla hajaanza, achonge kwa kuzifuata zenyewe.

Ukishapata ringi, ingiza moja moja kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya ulio kati ya ncha zake kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda ya milimita 96, mwanya wa ringi ya kwanza usiwe chini ya 0.30 mm, ila kitabu cha injini kikitoa kipimo chake, fuata hicho. Mwanya ukiwa mdogo mno, joto huzikutanisha ncha na ringi hukwaruza silinda au kuvunjika. Kila silinda inapopanuka 0.10 mm, mwanya huongezeka takriban 0.31 mm. Ndiyo maana ringi ya standadi kwenye silinda iliyochongwa 0.50 huacha mwanya wa ziada wa karibu 1.57 mm, na kompresheni yote hupita hapo.

Kuna wanaonunua ringi za 0.50 na kuzipiga tupa ncha ziingie kwenye silinda ya standadi. Mwanya utasoma vizuri, ila ringi haitakuwa duara tena: itagusa silinda sehemu chache tu, na moshi utarudi mapema.

Wakati wa kufunga, maandishi yaliyo karibu na mwanya wa ringi hutazama juu. Ringi ya pili ikigeuzwa hupandisha oili badala ya kuikwangua.

SWALI: Bodaboda yangu ya Kichina imeandikwa 156FMI. Dukani wananipa ringi za 62. Nani yuko sahihi? — Dereva, Kahama

JIBU: Kwa kawaida 156FMI ni cc 125, silinda ya 56.5. Ya 62 ni ya cc 150, nayo huandikwa 162FMJ. Namba hiyo lakini iko kwenye kasha la injini, na silinda hubadilishwa bila kasha kuguswa. Pima silinda ndipo ulipe.

SWALI: Ringi ni mpya, kwa nini bado inavuta oili? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Mara nyingi silinda ilifungwa ikiwa inang'aa, bila mikwaruzo ya hona (kifaa cha mawe cha kusugulia silinda) ya kushika oili, au vumbi la hona lilibaki ndani. Petroli haiondoi vumbi hilo. Osha kwa maji moto na sabuni, kausha, kisha futa kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitoke bila weusi. Na usiiache injini ikiunguruma taratibu saa nzima. Ikishapata joto, iendeshe kwa mzigo wa wastani, ukipandisha na kupunguza mwendo, maana shinikizo la gesi ndilo linalozibana ringi kwenye ukuta wa silinda. Oili ya kwanza imwage mapema, kabla ya kilomita 1,000.