Silika imeharibu utando wa betri: punguza, usiongeze

Mdogo wangu, umesema utando wako wa betri, wa PEO (plastiki ya polyethilini oksidi) na chumvi ya lithiamu, umezidi kupitisha ayoni (chembe zenye chaji) kwa shida tangu uweke silika ya nano (unga wa chembe ndogo mno) asilimia 25, na unauliza kama uongeze. Usiongeze. Rudi asilimia 5, kisha panda taratibu hadi 10 kwa uzito.

PEO ikipoa hujipanga kuwa fuwele, na ayoni hupita zaidi kwenye sehemu laini. Ni kama ugali: wa moto kijiko kinazama, uliolala kinagonga. Chembe za nano huvuruga huko kujipanga. Mwaka 1998 watafiti Croce, Scrosati na wenzao wa Italia walitumia chembe za nano za titania na alumina (oksidi za titani na alumini), wakapata kama 10⁻⁵ S/cm (kipimo cha urahisi wa ayoni kupita) kwenye nyuzi 30. Ukizidisha, chembe hushikana mabonge kama uji wa ulezi uliotiwa unga kwa pupa, njia zinazibika.

Kwa hiyo tawanya silika kwanza kwenye kiyeyusho cha asetonitrili (ndani ya kabati la kufyonza hewa, ni sumu hiyo), ndipo utie PEO kidogo kidogo. Kabla ya hapo ikaushe silika kwenye oveni ya vakyumu. Mimi niliwahi kufurahia namba nzuri wiki nzima, kumbe ni unyevu ulionidanganya!

Halafu hukutaja joto la kipimo. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya maabara ni baridi kweli. Usilinganishe na namba za watu waliopima kwenye nyuzi 60. Pima utando mtupu na wenye silika siku hiyohiyo, joto lilelile, ulete namba zote mbili.