Fomu ya mgeni isainiwe kabla mashine haijawashwa

Wadogo zangu mnaoanza kupeleka wageni baharini hapa Mikindani na kule Msimbati, naomba tuzungumze kuhusu fomu, ile ambayo mgeni anakubali hatari na kuahidi kutodai fidia.

Msimu wangu wa kwanza niliigawa fomu hiyo wakati boti tayari inanguruma. Mwalimu mmoja kutoka Masasi alisaini bila kusoma, na fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Kwenye swali la pumu alitia alama ya hapana, kama wenzake. Tulipotoka nje ya ghuba, kusi ikivuma, akaanza kuhema, akapapasa mfukoni akatoa dawa yake ya kuvuta. Tukageuza boti. Alipata nafuu, alhamdulillahi, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni. Saini yake ninayo, na mwenyewe hakujua alichosaini.

Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka mtu aridhie kwa hiari na awe na umri wa kujifunga. Mtoto wa chini ya miaka 18 hajifungi, hivyo mzazi awepo. Na msidhani karatasi inafunika kila kitu. Uingereza, kwa sheria yao ya haki za walaji ya 2015 (zamani ilikuwa ile ya 1977), mfanyabiashara hawezi kujivua lawama ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake, hata akiandika kurasa kumi. Mkanda wa jaketi okozi ukiwa umekatika, ni wewe ulitakiwa uuone asubuhi.

Siku hizi fomu naipeleka jioni ya kuamkia safari, kwa Kiswahili na Kiingereza, na hatari nimezitaja moja moja: mkondo maji yakipwa, matumbawe yanayokata miguu, mawimbi ya mchana. Maswali ya ugonjwa nauliza kwa mdomo, pembeni, maana hakuna atakayetaja kifafa mbele ya wakwe zake. Akisema ndiyo, hapigi mbizi bila cheti cha daktari. Wanaopiga mbizi kwa mitungi ya hewa nawauliza pia ndege yao ni lini, maana kupaa mapema baada ya mbizi kunaweza kuwadhuru. Aliyepiga mbizi mara kadhaa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Nakala moja ibaki ofisini, iwe na namba ya ndugu wa mgeni. Tukipata shida huko nje, aliyebaki nchi kavu ndiye atakayepiga simu, na karatasi zilizo botini hazitamfikia.