Kipimo cha damu na skizofrenia, kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama kuna kipimo cha damu cha kuonyesha skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini vitu visivyokuwepo) inaua seli za ubongo wa mdogo wako. Ulichosikia nadhani ni nyurofilamenti nyepesi, hii ni protini inayojenga kiunzi ndani ya ule mkia mrefu wa seli ya neva, sasa seli ikiumia inavuja kwenye maji ya uti wa mgongo na kidogo inafika kwenye damu, kidogo mno yaani inapimwa kwa pikogramu, gramu moja ukiigawa mara trilioni! Kwa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, inapanda. Kwa skizofrenia haipandi hivyo, wengi wako karibu na watu wenye afya wa umri wao, na mimi hiyo naiona habari njema kabisa maana watu wanatishana eti ubongo unaoza. Ikipanda sana ndo daktari anaanza kuwaza kitu kingine, mfano dimenshia (ugonjwa unaodhoofisha akili polepole) ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile mwanzoni inafanana sana na ugonjwa wa akili.

Ipo protini nyingine inayopimwa kwenye damu, inaitwa S100B, inatoka kwenye seli zinazolea neva, tafiti kadhaa zimeikuta juu kwa wagonjwa ila hata mafuta ya mwili yanaitoa, kwahiyo mtu akinenepa majibu yanachanganya.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha skizofrenia, daktari anaijua kwa kumsikiliza mgonjwa na nyie mnaoishi nae. Dawa asiache tafadhali. Usingizi anapata? Na dawa anakumbuka mwenyewe au mnamkumbusha?